Vepu haifungwi kwenye begi la mizigo

Wasafiri wengi wanaotokea Tanga wameshika kwamba vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kwa kuwa haina moto, inafungwa tu kwenye begi kubwa. Sivyo. Tangu 2015 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaitaka ikae na abiria, na kuichaji ndani ya ndege ni marufuku. Kitufe kikibanwa na nguo, koili, yaani waya unaopasha majimaji, huwaka. Betri ya lithiamu ikishika moto chini kwa mizigo, wahudumu hawawezi kuifikia.

Izime kabisa. Betri ya akiba iwekwe kwenye kikasha chake, isigusane na funguo wala sarafu. Kikomo cha kawaida cha betri ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati yake). Betri ya volti 3.7 na mAh 3,000 (yaani ampea-saa 3) ina Wh 11.1 tu: 3.7 mara 3. Tangi la majimaji limwage: shinikizo la hewa likishuka, hewa iliyomo hutanuka na kusukuma majimaji nje. Chupa za majimaji unazobeba mkononi kwa kawaida zisizidi ml 100 kila moja.

Ila kupita ukaguzi wa Dar es Salaam si ruhusa ya uendako. Singapore hata kuwa nayo ni kosa, Thailand kuiingiza ni marufuku tangu 2014. Ukienda huko, iache nyumbani.