Je, wajua kwa nini mifereji ya hewa iliyotosha tanuru huenda isitoshe pampu ya joto?

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, nyumba nyingi hupata joto kwa njia ya hewa. Tanuru la gesi au la mafuta huipasha hewa moto, feni huisukuma kwenye mifereji ya bati iliyopitishwa darini au chini ya sakafu, nayo hutokea vyumbani kupitia matundu yenye wavu. Mifereji mingine huirudisha hewa iliyopoa, na mzunguko huanza upya. Anayetaka kuling'oa tanuru na kufunga pampu ya joto mahali pake kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue mashine gani. Ningemshauri aanze na mifereji. Hata mashine bora, ikifungwa kwenye mifereji isiyoiweza, itakula umeme mwingi, itapiga kelele, na vyumba vya mwisho vitabaki baridi.

Mbona basi mifereji hiyo hiyo ililitosha tanuru miaka yote?

Jibu limo katika namna mashine hizi mbili zinavyopata joto. Tanuru huunguza kitu, na moto wake ni mkali, kwa hiyo hutoa hewa ya nyuzijoto 50 hadi 60 za Selsiasi bila taabu. Pampu ya joto haiunguzi chochote. Hulichukua joto lililoko nje na kulihamishia ndani, kama friji inavyolitoa joto kwenye chakula na kulitupa mgongoni pake. Wazo hilo si geni: William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na katika miaka hiyo hiyo ya 1850 Peter von Rittinger alilitumia kuvukiza maji ya chumvi huko Ebensee, Austria.

Hewa ya nje ikiwa na nyuzijoto sifuri bado ina joto la kuchukuliwa, kwa sababu gesi inayozunguka ndani ya mashine huchemka penye baridi kubwa kuliko hiyo. R-32, mojawapo ya gesi zinazotumika katika mashine za sasa, huchemka kwenye nyuzijoto 52 hivi chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Ikipita kwenye koili ya nje, yaani bomba lililokunjwa mara nyingi, hunyonya joto na kugeuka mvuke, kompresa huubana mvuke huo hadi uwe wa moto, kisha koili ya ndani hulikabidhi joto hilo kwa hewa ya mifereji. Kwa njia hii, uniti moja ya umeme huleta ndani uniti mbili hadi nne za joto, kutegemea baridi ya nje.

Faida hiyo, hata hivyo, hupungua kila unapoidai mashine hewa ya moto zaidi. Fizikia yenyewe imeweka kikomo. Nje kukiwa na nyuzijoto sifuri na koili ya ndani ikiwa na 40, hakuna mashine duniani iwezayo kutoa zaidi ya uniti 7.8 za joto kwa uniti moja ya umeme. Ipandishe koili hadi 60, na kikomo kitashuka hadi 5.6. Mashine halisi ziko mbali chini ya vikomo hivyo, lakini nazo hushuka kwa sababu ile ile. Ndiyo maana pampu ya joto hutoa hewa ya vuguvugu, nyuzijoto 32 hadi 40 hivi. Mtu akiweka mkono kwenye tundu la hewa anaweza kudhani mashine ni mbovu, kumbe inafanya kazi inavyotakiwa.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo mifereji inapoingia. Tuseme nyumba inahitaji kilowati 10 za joto na vyumba viko kwenye nyuzijoto 20. Hewa ya tanuru ikitoka na 55, inatosha kusukuma lita 240 hivi kwa sekunde. Hewa ya pampu ikitoka na 37, joto lile lile linahitaji lita 490 hivi. Ni hewa mara mbili, ndani ya mifereji ile ile.

Na hewa mara mbili haimaanishi kazi mara mbili. Presha inayohitajika kuipitisha hupanda takriban mara nne, na nguvu ya feni mara nane. Feni nyingi za mifereji ya nyumbani zimeundwa kushindana na paskali (kipimo cha presha) 125 tu au zaidi kidogo, kwa hiyo mfereji mwembamba huzishinda upesi. Hewa ikipungua, koili ya ndani inakosa pa kulipeleka joto lake na inazidi kuwa moto. Kompresa inakazana zaidi, na hatimaye mashine inaweza kujizima ili kujilinda. Wakati wa kiangazi, mashine hiyo hiyo inapogeuzwa kuwa kiyoyozi, uhaba wa hewa huleta kinyume chake: koili ya ndani huganda barafu.

Kufikia hapo mtu anaweza kukata tamaa na kuazimia kubomoa dari. Asifanye haraka. Matanuru mengi yalifungwa makubwa kupita mahitaji ya nyumba, kwa kuwa fundi hakutaka kulaumiwa usiku wa baridi. Kama tanuru la zamani lilikuwa la kilowati 20 na nyumba inahitaji 10 tu, mifereji imezoea kubeba lita 475 hivi kwa sekunde, yaani karibu kabisa na kile pampu inachohitaji. Hivyo swali la kuanzia ni hili: nyumba hii inapoteza joto kiasi gani hasa?

Fundi mzuri hulijibu kwa kupima kuta, madirisha, dari na mianya. Lakini tanuru la zamani nalo ni shahidi. Katika usiku wa baridi kali kabisa, lihesabie dakika linazowaka ndani ya saa moja. Tanuru linalotoa kilowati 20 likiwaka dakika 30 tu kwa saa na vyumba vikabaki na joto lake, nyumba inahitaji kilowati 10. Kuchagua pampu kwa kunakili namba iliyoandikwa kwenye tanuru ni kosa ninalolipinga kwa nguvu zote, kwa sababu linanunua mashine kubwa mno na papo hapo linaidai mifereji hewa isiyoweza kuipitisha. Dalili nyingine njema: ikiwa mifereji tayari imekuwa ikihudumia kiyoyozi cha nyumba nzima bila matatizo, huenda ikaifaa pampu, kwani kiyoyozi nacho huhitaji hewa nyingi, lita 50 hivi kwa sekunde kwa kila kilowati ya kupoza.

Ikionekana mifereji haitoshi, mara nyingi ubaya hauko kila mahali. Upande wa kurudisha hewa ndio hubanwa zaidi: tundu moja la kurudishia kwa nyumba nzima, chujio dogo, kona kali iliyo karibu na feni. Kuongeza tundu la pili, kuweka chujio pana na kuilainisha kona hiyo kunaweza kuondoa sehemu kubwa ya presha. Kuziba mianya ya ukuta na kuongeza kizuia joto darini husaidia kwa upande mwingine, kwani hupunguza joto linalohitajika kubebwa.

Kisha kuna kuvuja. Mpango wa Energy Star wa Marekani unakadiria kuwa katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya mifereji hupotea kwenye viungo na matundu. Viungo hivyo vizibwe kwa gundi nzito ya kupaka, si kwa utepe wa kitambaa, ambao gundi yake hukauka na kubanduka kwa joto. Mifereji inayopita kwenye dari baridi ivishwe kizuia joto chenye ganda lisilopitisha unyevu, la sivyo wakati wa kupoza itatoa jasho na kulowesha dari.

Kazi ikiisha, fundi atoboe matundu madogo kabla na baada ya feni, aingize kipima presha mashine ikiwa kwenye mwendo wake wa juu, na aandike paskali alizozipata kando ya zile zilizoandikwa na mtengenezaji. Ni kazi ya dakika chache. Idaiwe kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.