Jaketi la Flying Tigers: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Kwa wanaoigiza askari wa Vita Kuu ya Pili, jaketi la ngozi la rubani wa Flying Tigers, Wamarekani waliopigania China, lina mvuto wake. Nakala za nembo zake zinauzwa tele, na nyingi zinachanganya vikosi.

"Walikuwa jeshi la Marekani." Hapana. American Volunteer Group, ndilo jina rasmi la Flying Tigers, kikosi cha Claire Chennault, kilifanya kazi kwa mkataba na China. Marubani waliacha jeshi la kwao kwanza, wakasaini na kampuni ya CAMCO kwa mshahara wa dola 600 hivi kwa mwezi, na dola 500 juu yake kwa kila ndege ya Japani iliyoangushwa. Ndiyo maana mabawa yao ya kifuani (beji ya rubani) ni ya jeshi la anga la China. Kiraka cha CBI begani ni cha wanajeshi wa Marekani waliopelekwa China, Burma na India, hakiwahusu hawa.

"Walipigana kabla ya Pearl Harbor." Hapana. Japani ilishambulia Pearl Harbor 7 Desemba 1941; pambano lao la kwanza lilikuwa 20 Desemba 1941. Kufikia 4 Julai 1942 kikosi kilikuwa kimevunjwa.

"Chui milia yeyote mwenye mabawa ni wao." Wa kwao alichorwa na studio ya Walt Disney, akichomoka kwenye herufi V ya ushindi. Yule aliye chini ya nyota ni wa Fourteenth Air Force, kikosi cha anga cha jeshi la Marekani kilichoundwa Machi 1943. Chennault aliongoza vyote viwili, basi wauzaji wakaona yote ni mamoja.

"Meno ya papa kwenye pua za ndege ni ubunifu wao." Waliyaiga kwenye picha ya ndege za skwadroni namba 112 ya Uingereza, nayo iliyatoa kwa Wajerumani.

"Kitambaa cha mgongoni ni pambo." Kilikuwa cha kuokoa roho. Kina bendera ya China ya wakati ule, nyekundu yenye kona ya buluu na jua la miale 12 (ile ya nyota tano ni ya 1949, usiishone!), na maandishi ya Kichina yanayowataka askari na raia wamwokoe mgeni huyu aliyekuja kusaidia vita. Kila kimoja kilikuwa na namba yake na muhuri. Majaketi mawili yenye vitambaa vya namba ile ile hayawezi kuwa ya asili yote mawili. Baadaye marubani wengine walikishona ndani, adui asikione haraka, kwa hiyo anayekiweka kwenye bitana hajakosea.