Mwanakondoo kachomwa sindano tatu, na bado kafa

"Dokta, nimemchoma OTC siku tatu mfululizo, mbona amekufa?" Mama mmoja wa Chanika, Dar es Salaam, aliniuliza hivyo, mwanakondoo wa miezi mitatu amelazwa juu ya gunia. OTC ni oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Nikampasua. Sehemu za mbele za mapafu zilikuwa nyekundu ya kuiva, ngumu kama ini. Nikakata kipande, nikakitia kwenye kikombe cha maji. Kikazama. Pafu lenye afya huelea, maana limejaa hewa.

Bakteria wanaoharibu pafu namna ile, hasa Mannheimia haemolytica, huishi puani na kooni mwa kondoo bila kumdhuru. Mara nyingi anayewafungulia njia ni kirusi: parainfluenza aina ya 3, RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa), au adenovirusi. Kirusi cha parainfluenza peke yake humpa mwanakondoo mafua, homa na kikohozi cha siku chache, akapona. Balaa ni uharibifu kinaouacha. Koo la hewa lina vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma kamasi na vumbi kuelekea juu; kirusi huvifyeka, na chembe za ulinzi ndani ya pafu hudhoofika. Bakteria wanateremka bila wa kuwazuia. OTC haiui kirusi. Huua bakteria, tena ikiwahi, na yule alianza kuchomwa akiwa tayari anahemea mdomo.

Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008, ni habari nyingine. Kirusi chake huua kundi. Ukiona nimonia pamoja na tongotongo, vidonda mdomoni na kuhara, usikimbilie duka la dawa; mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Chanjo yake ipo, na dozi moja hulinda miaka mitatu au zaidi. Ndiyo maana sipendi tunavyoita kila kitu "homa ya mapafu".

Kwa yule mama sikuona dalili za sotoka. Lakini siku kumi nyuma alinunua kondoo wawili mnada wa Pugu, akawaingiza moja kwa moja bandani, turubai limefungwa pande zote kwa ajili ya masika. Nilipoinama hadi usawa wa pua za wanakondoo, harufu ya mkojo ilinichoma macho. Tulifungua turubai upande wa juu, tukawatenga wale wageni kwa wiki tatu. Kisha tukawapima joto wanakondoo wote waliobaki. Wawili walikuwa na homa ya nyuzi 40.8, na hata kukohoa hawajaanza. Hao ndio niliowachoma.