Je, wajua kwa nini saruji hudhuru jengo la matumbawe?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jengo la kale likianza kumeguka, dawa yake ni saruji. Nilipomwona fundi wa Lamu akipiga lipu ya chokaa kwenye ukuta wa zamani, nilidhani amekosa pesa za mfuko wa saruji. Si mimi peke yangu. Wengi huamini hivyo, maana kwenye nyumba ya matofali ya saruji hoja hiyo ni sahihi kabisa. Kosa ni kudhani kwamba kilicho kigumu zaidi ndicho kinachodumu kila mahali. Lipu ikiwa ngumu kuliko jiwe inalolifunika, kinachoumia ni jiwe.

Ngome ya Lamu, mojawapo ya majengo ya matumbawe, ilianza kujengwa 1813, ikawa gereza tangu 1910 hadi 1984, kisha ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Leo ina maktaba na maonyesho, na watu hukutana uani kwa arusi, mikutano na sherehe. Uani hasa, kwa sababu vyumba vya majengo haya ni vyembamba: upana wao hufuata urefu wa boriti za mikoko, usiofika mita 3.

Sasa tuutazame ukuta. Jiwe la tumbawe lina vitundu kama mkate wa sinia. Hunyonya maji ya ardhini, na upepo wa bahari huliletea chumvi. Chokaa huupitisha unyevu huo ukatoka nje, kama kanzu ya pamba inavyoliacha jasho likauke. Lipu ya saruji ni koti la mvua lililovaliwa juani: jasho hubaki ndani. Maji yakipata pa kutokea polepole, chumvi huachwa nyuma ya lipu. Huko huganda chembe kwa chembe na kusukuma vitundu, kama maharagwe yaliyorowekwa ndani ya chupa iliyozibwa. Okota kipande cha saruji kilichobanduka ukigeuze: mgongoni utakuta tumbawe limeng'ang'ania, limetoka na ukuta.

Chokaa haizuii chumvi. Huharibika yenyewe badala ya jiwe, ikapigwa upya. Wala si kila ufa ni wa saruji. Paa linalovuja na boriti iliyooza huangusha kuta pia.

Kinachonivutia zaidi ni asili yake. Chokaa ya jadi ni tumbawe lilelile, lililochomwa tanuuni likatoa hewa ya kaboni, kisha likazimwa kwa maji. Ikishapigwa ukutani huivuta tena hewa ile na kurudi kuwa jiwe. Kazi hiyo huchukua majuma, na lipu haitakiwi kukauka upesi. Ndiyo maana fundi yule alitundika magunia mabichi juu ya lipu yake, na kila asubuhi akaja na ndoo kuyalowesha upya.