Je, wajua kwa nini ukijijengea Linux yako, yaani mfumo endeshi wa kompyuta, unapika kompaila ileile mara tatu?

Dogo mmoja fundi simu pale Mwanjelwa alinikuta mwezi wa saba nimejikunyata, baridi ya Mbeya si mnaijua, naotea mikono kwenye feni ya laptop ya mtumba inayounguruma. Akachungulia terminali. "Kaka, si hiyo GCC uliikompaili jana?"

Kweli, jana, GCC ndo kompaila yenyewe. Nafuata Linux From Scratch, kitabu cha bure alichokianzisha Gerard Beekmans 1999, hakikupi sidii ya kuinstoli, kinakupa maelekezo unajenga Linux yako kutoka kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, kipande kwa kipande. Sasa kompaila ndo inageuza kodi kuwa programu, na yenyewe ni programu, yaani mhunzi anataka nyundo ili afue nyundo. Inabidi uazime ya jirani, kwangu jirani ni Ubuntu, Linux iliyokwishajengwa, iliyokuwemo humo kwenye laptop.

Shida ya kuazima ni kwamba nyundo inakuja na mazoea ya kwao. Ukiiachia itashikiza kila kitu kwenye laibrari za Ubuntu, vile vipande vya kodi ambavyo programu nyingi zinavitegemea, siku ukiifuta Ubuntu nyumba inaanguka. Kwa hiyo raundi ya kwanza unaidanganya: kwenye jina la mashine, x86_64-pc-linux-gnu, unatoa pc unaweka lfs, basi inaamini inapikia kompyuta nyingine kabisa na inaacha kudokoa vya Ubuntu. Hako ka-GCC ni kilema, hakana hata laibrari ya C, ile ya msingi ambayo karibu programu zote zinaiegemea, ila kanatosha kupika hiyo laibrari, glibc. Raundi ya pili kanapika GCC mpya juu ya glibc hiyo. Halafu unaingia chroot, amri inayofanya folda ya Linux mpya ionekane ndo mfumo mzima, unafunga mlango, Ubuntu haionekani tena, na humo ndani inapikwa ya tatu, inafanyiwa majaribio, ndo inayobaki.

Muda? Kitabu hakitaji masaa maana mashine hazilingani. Unapima muda wa kupika kifurushi cha kwanza, binutils, vifaa vya kuunganishia programu, muda wake unaitwa SBU 1, vingine vyote vinahesabiwa kwa hiyo. Kwangu ilikuwa dakika 7, na GCC ya mwisho pamoja na majaribio, kwenye matoleo ya karibuni, inakula zaidi ya SBU 40, piga hesabu mwenyewe. Saa ya nne umeme ukakatika, betri ya mtumba nayo ikazima hapohapo.

"Si ungebaki tu na Ubuntu," dogo akasema, huku anatafuta tochi kwenye simu.