Oili nyeusi imekufa? Dhana potofu kuhusu oili, kulanti na mafuta ya breki

Magari mengi ya barabara zetu yamekuja Dar es Salaam au Mombasa yakiwa yameshatumika Japani, na kitabu cha gari kimebaki kwenye droo ya dashibodi, Kijapani kitupu. Kwa hiyo elimu ya oili na kulanti (kimiminika cha kupoozea injini) tunaipata kwa mdomo: kwa fundi wa chini ya mwembe, kwa muuza spea, kwa shemeji aliyewahi kuendesha lori. Mengi wanayosema ni kweli. Haya yafuatayo si kweli, na karibu yote yanatokana na tabia moja: kutazama rangi na uzito wa kitu badala ya kuuliza kimepungua kiasi gani na kimekwenda wapi.

"Oili ikishakuwa nyeusi imekufa"

Oili ya injini ina viambato vya kusafisha. Kazi yake mojawapo ni kuokota masizi na kuyabeba yasigande kwenye vyuma, na ikifanya kazi hiyo lazima iwe nyeusi. Ya injini ya dizeli inaweza kuwa nyeusi siku ileile uliyoibadilisha. Oili hubadilishwa kwa kilomita na muda, si kwa rangi. Rangi ya kuogopa ni nyingine kabisa: ukichomoa stiki ya kupimia oili ukakuta imekuwa kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya silinda hedi. Hapo usiwashe gari tena, ita fundi.

Kupima kwenyewe hakuhitaji ufundi. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke chini. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa, irudishe mpaka mwisho, kisha ichomoe tena. Usomaji wa kwanza usiuamini, kwa sababu oili huwa imeruka na kupaka stiki hadi juu. Ikiwa kati ya alama mbili, funga boneti uende zako. Kwa gari nyingi ndogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1 hivi, kwa hiyo ongeza robo lita, subiri, pima tena.

"Galoni ya lita 4 imimine yote, isibaki"

Huu mchezo unafanyika kila siku. Toyota IST ya cc 1500 huingiza takriban lita 3.7 pamoja na filta. Passo ya silinda tatu ni lita 3 na kidogo tu. Mimina galoni nzima kwenye Passo na umezidisha karibu lita nzima. Oili ikizidi sana, kranki (mtaimbo unaozunguka chini ya injini) huipiga hadi ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Presha nayo hutafuta pa kutokea, sili zinaanza kuvuja, na mwenye gari anaambiwa injini imechoka.

"Huku kwetu joto, weka oili nzito"

Injini ikishapata moto, joto lake halifuati sana hali ya hewa. Thamostati, kidude kinachodhibiti joto la injini, hulizuia kwenye nyuzi kama 90, uwe Tanga au Tokyo. Namba ya 5W-30 inasema mambo mawili: 5W ni jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, 30 ni uzito wake kwenye nyuzi 100. Injini ndogo za siku hizi zimetengenezwa na njia nyembamba za oili, na oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi unapowasha, wakati ambao vyuma vinaihitaji kuliko wakati wowote. Fungua kile kitabu cha Kijapani: hutasoma sentensi hata moja, lakini 0W-20 au 5W-30 utaziona zimeandikwa kama zilivyo. Gari nyingine huandika hata kwenye kifuniko cha oili.

"Kulanti ni ya nchi za barafu, sisi maji yanatosha"

Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Nyingine ni kuzuia kutu ndani ya injini na rejeta, kulinda sili ya pampu ya maji, na kuchelewesha mchemko. Maji ya kisima cha Dar, ambayo mara nyingi yana chumvi, huacha magamba kwenye mirija ya rejeta na kula alumini taratibu. Utagundua siku unapanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori, gia ndogo, upepo hauingii mbele, mshale wa joto unapanda.

Wapo wanaotatua tatizo hilo kwa kung'oa thamostati. Injini sasa inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta zaidi, na rejeta iliyoziba bado imeziba.

Rangi nayo inadanganya. Kijani, nyekundu, pinki ni rangi aliyoitia mtengenezaji tu, hakuna sheria inayosema kijani cha kiwanda hiki ni sawa na kijani cha kile. Soma aina kwenye kopo, na usichanganye. Soma pia kama imeshachanganywa na maji au bado. Ile nzito isiyochanganywa haipoozi vizuri ikiwekwa peke yake, maji ndiyo yanayobeba joto. Kawaida ni nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini.

Kiwango kiangalie kwenye kitangi cha akiba, gari likiwa limepoa, kati ya LOW na FULL. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto. Namba kama 0.9 au 1.1 iliyoandikwa juu yake ni presha, na kwa presha hiyo maji yaliyomo yanaweza kuwa yamevuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote kwa mpigo, usoni kwako. Na kitangi kikihitaji kujazwa kila wiki, acha kununua kulanti, tafuta panapovuja.

"Mafuta ya breki yakipungua, ongeza"

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Pedi zikilika, pistoni za breki husogea mbele na mafuta hushuka kidogo kidogo kwenye kitangi. Kushuka huko ni taarifa kwamba pedi zinaisha, ukiongeza umeifuta. Halafu fundi akifunga pedi mpya na kurudisha pistoni, mafuta yanafurika na kubabua rangi ya gari. Yakiwa kati ya MAX na MIN, yaache. Yakishuka ghafla, kuna uvujaji: chungulia upande wa ndani wa matairi, na gari lisitoke nyumbani.

Ikibidi kuongeza, soma kifuniko. Palipoandikwa DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) unaweza kutumia DOT 4, lakini si DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Hidroliki au oili ya injini humu huvimbisha mipira yote ya breki. Na ile chupa iliyofunguliwa mwaka juzi iondoe stoo: mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha chini cha DOT 3 mpya ni kuchemka nyuzi 205. Ikishanyonya maji hushuka hadi 140, na mteremko wa Sekenke hausubiri.

"Betri ikikauka iongezee asidi"

Kinachopungua ni maji, asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi unaikoleza na inakula sahani. Weka maji ya betri yaliyotoneshwa tu, hadi yafunike sahani, mbali na sigara. Maji ya kunywa ya chupa pia hapana: soma lebo, madini yameorodheshwa.

Giaboksi kwa kifupi: ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) hutaka mafuta ya CVT, na ATF ya kawaida, yaani mafuta ya giaboksi nyingine za otomatiki, huiua. Nyingi hazina hata stiki, kwa hiyo si kazi ya uani. Usukani ndio rahisi zaidi, kwani IST na Vitz nyingi zinatumia usukani wa umeme. Anayekuuzia hidroliki ya usukani wa Vitz, mwambie akuonyeshe atakapoimimina.