Fonti ni nini, na kwa nini kazi yako inabadilika ukifika kuichapisha

Fonti ni faili linalokaa ndani ya kompyuta. Limehifadhi umbo la kila herufi, tarakimu na alama, pamoja na upana wake. Katika Word ya Kifaransa, ambayo wengi wetu hapa Lubumbashi tunaitumia, orodha yake inaitwa police. Ukichagua Times New Roman, waraka wako kwa kawaida hauyabebi maumbo hayo. Unabeba jina tu. Kompyuta itakayoufungua ndiyo inayotafuta kama ina fonti ya jina hilo.

Isipokuwa nayo, haikuulizi. Inachukua nyingine inayokaribiana na kupanga maandishi upya. Hapo ndipo ugomvi wa msimu wa TFC, ile kazi ya kumalizia masomo chuoni, unapoanzia kwenye vibanda vya kuchapisha. Mwanafunzi anafika na kle yake ya USB. Nyumbani kazi ilikuwa kurasa 60, kibandani zimekuwa 64, jedwali limekatika katikati, na table des matières (orodha ya yaliyomo) inataja kurasa za zamani. “Papa, mashini yenu imeniaribia kazi!” Maskini mwenye kibanda, hajagusa kitu. Herufi zikinenepa kidogo tu, neno la mwisho wa mstari linashuka chini, aya inarefuka, na kichwa cha habari kinaangukia ukurasa mwingine.

Siku hizi chanzo kikubwa ni Aptos. Tangu Office (mkusanyiko wa programu wenye Word ndani yake) ya 2007, Word ilikuwa inaanza na Calibri. Kuanzia 2023 Microsoft ikaleta Aptos mahali pake. Aliyeandika kwenye kompyuta mpya bila kugusa chochote ameandika kwa Aptos, halafu anapeleka kazi kwenye mashini yenye Office ya 2010, ambayo haina fonti hiyo.

Upana nao unatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932, na kwa kuwa safu za gazeti ni finyu, herufi zake zimebanwa. Arial inakula nafasi zaidi kwa ukubwa uleule wa 12, na Verdana inaizidi Arial. Hiyo 12 ni pointi: pointi 72 ni inchi moja, kwa hiyo 12 ni kama milimita 4,2. Ila kinachopimwa ni kimo cha nafasi ambamo herufi inakaa, si herufi yenyewe. Fonti moja inaijaza nafasi hiyo, nyingine inaacha pengo juu na chini.

Kinga ya kwanza ni PDF, kwa sababu Word ikihifadhi PDF inaweka maumbo ya herufi ndani ya faili lenyewe. Tatizo ni kwamba mwalimu anayekusimamia anataka Word ili asahihishe. Basi ingia Fichier, Options, Enregistrement, utie alama kwenye “Incorporer les polices dans le fichier”, yaani fonti zibebwe ndani ya faili. Faili litakuwa zito zaidi, na kuna fonti ambazo leseni yake inakataza kubebwa hivyo. Anayetumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama ya Word, ana bahati kidogo: Liberation Serif ina upana sawa na Times New Roman, na Carlito sawa na Calibri, kwa hiyo mistari haihami.

Kwa barua na kazi ya shule, mimi nasema baki na Times au Calibri, mwili wa maandishi fonti moja, basi. Zile za mikunjo, kama za mwaliko wa ndoa, ziwekee majina ya maarusi peke yake; ukiandika anwani ya ukumbi kwa herufi kubwa za mikunjo, wageni watapotea. Na usiandike neno la siri kwa Arial, maana I kubwa na l ndogo humo karibu hazitofautiani.

Anayeandika Lingala yenye ɛ na ɔ, au alama za fonetiki, ajaribu herufi hizo kabla ya kuchagua fonti. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi hizo, na mahali pake panaweza kutokea visanduku vitupu. Google ilitengeneza familia ya Noto hasa ili kuondoa visanduku hivyo. Inapatikana bure, na inafanya kazi pia kwenye kompyuta za zamani.